Aliyembariki mgeni, sinema ikamfanya mchawi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Kahaso Mwaringa anaketi kwenye kigoda, ananyoosha miguu, anatandika leso juu ya mapaja yake, kisha anakunjua mikono kumpokea mtoto wa siku tisa.

Mtoto analia kwa hasira zote za mtu aliyetolewa usingizini. Kahaso hashtuki. Anachovya vidole katika mafuta ya nazi, anayasugua viganjani mpaka viganja vyenyewe vishike joto, ndipo anapomgusa. Anaanzia utosini, anashuka shingoni, mabegani, mgongoni. Anapofika kwenye nyayo, mtoto ameshanyamaza na kumkodolea macho.

"Waniangalia nini?" anamuuliza. "Mama yako nilimkanda mimi. Naye alikuwa mkali hivi hivi."

Mama mwenyewe ni Vivian Charo, mwenye umri wa miaka 23. Ameketi mkekani akicheka, huku maji yake ya kuoga, yenye majani ya mkwaju, yakichemka jikoni. Mlangoni amesimama mama mkwe wake, mikono ameifumbata kifuani. Hacheki wala haondoki. Amekuja kujionea kwa macho yake.

Kahaso anajua kwa nini amesimama pale. Tangu Juni mwaka jana, kwa miezi saba, katika kijiji hiki kilicho karibu na Gede, hapakuwa na mzazi aliyethubutu kumpa mtoto wake.

"Mwache asimame," anasema baadaye, tukiwa njiani kurudi kwake. "Mjukuu ni wake. Mimi pia ningesimama."

Kahaso ana miaka 69, na kazi ya kukanda wazazi na watoto wachanga ameifanya kwa miaka 42. Aliipokea kwa mama yake. Hajui amekanda watoto wangapi. Anajua tu kwamba mmoja sasa ni padri, wawili ni walimu, na mwingine ni utingo asiyekubali kumtoza nauli. Malipo yake ni shilingi 200 kwa siku. Asiye nazo humpa kuku, au unga, au ahadi, na zote hupokelewa kwa uso mmoja.

Ni kazi ya kuaminiwa. Mtu akikupa kitoto ambacho hata shingo haijakaza, amekupa kila alicho nacho. Ndiyo maana sinema moja, tena kipande chake kisichofika nusu dakika, iliweza kumwangusha mwanamke huyu kuliko ukame wowote aliowahi kuuona.

Ilikuwa Agosti mwaka juzi. Watu wa filamu kutoka ng'ambo walipiga kambi upande wa Watamu, wakawa wanatafuta sura. Mkalimani wao alizunguka vijijini akiuliza habari za mabibi wenye mvi. Alipomwona Kahaso alifurahi kana kwamba ameokota dhahabu.

Walimwahidi shilingi 3,500 kwa siku mbili. Aliambiwa atacheza bibi kizee wa kijijini, naye akaona hilo halina mashaka, kwa kuwa ni bibi kizee na anaishi kijijini.

Mashaka yalianza walipofika nyumbani kwake kutazama mahali pa kupigia picha. Waliitazama nyumba yake ya kuta za matumbawe na paa la mabati, wakanong'onezana, wakatikisa vichwa.

"Walisema nyumba yangu si ya Kiafrika," anakumbuka Kahaso. "Nikamwambia mkalimani, hebu waulize, basi miaka yote hii mimi nimekuwa nikiishi wapi?"

Mkalimani hakuuliza. Kibanda cha nyasi kikajengwa kwa siku tatu, na mafuvu ya plastiki yakaning'inizwa mlangoni. Kahaso akaombwa avue miwani. Akaombwa avue rozari. Leso yake ya kanisani, yenye picha ya Bikira Maria, ikakunjwa na kutiwa ndani ya mfuko.

Walitaka avae hando, ile sketi ya marinda mengi ya nguo nyeupe ambayo bibi wa Kigiriama huitoa sandukuni siku ya sherehe. Hilo lilimfurahisha. Alikesha siku mbili akiiwaza, akaifua, akaitia buluu, akaianika hadi ikawa nyeupe ya kuumiza macho. Bibi akitoka na hando chafu, wenzake humcheka mpaka msimu mwingine.

Asubuhi ya kwanza, msichana wa mavazi aliitazama hando ile, akasema jambo, akaimwagia kahawa na majivu.

"Nililia," anasema Kahaso. Anasema wazi, bila ya aibu. "Sikulilia nguo. Nilililia ile sabuni na ule mgongo wangu."

Hakuwa peke yake katika kambi ile. Mahadhi Abdulqadir, muuza viungo wa Mambrui mwenye miaka 51 na ndevu zinazofika kifuani, naye alikuwa amekodiwa. Yeye ndiye aliyemletea kiti siku ile. Mahadhi ana uzoefu wa sinema za wageni, kwa vile amekwisha kucheza nne, na katika zote nne kazi yake ni moja: anashika bunduki, anapiga kelele, anauawa.

"Mimi nishakufa mara nne, alhamdulillahi," anasema Mahadhi, nasi tumeketi katikati ya magunia yake ya bizari na iliki. "Maneno ya kusema sijapewa hata siku moja. Hata kumwamkia mtu, hata kumuuliza mtoto kama amekula. Wao wakiona kanzu na ndevu, washaona bunduki."

Binti yake Hafswa, mwenye miaka tisa, aliwahi kumuuliza kwa nini yeye huwa hafiki mwisho wa picha. Tangu siku hiyo Mahadhi hajakwenda tena kwenye kambi za sinema, ijapokuwa bado wanampigia simu.

Mchana wa siku ile ya Watamu, watu wakiwa katika mapumziko, gaidi na mchawi walikula wali wa nazi katika sinia moja chini ya turubali. Walizungumza juu ya bei ya karafuu na maumivu ya magoti. Hakuna kamera iliyogeuzwa upande wao.

Neno mchawi Kahaso hakulisikia hadi alasiri. Mkalimani alimweleza kwamba msichana wa Kizungu ataingia kibandani akiwa mgonjwa, naye Kahaso atamrushia maji kwa mdomo na kumlaani ili afe.

Kahaso alimtazama msichana. Alikuwa mwigizaji aitwaye Klara, mwembamba, jua limemchoma pua, na mikono yake ilikuwa inatetemeka kwa sababu ilikuwa siku yake ya kwanza kazini. Walikuwa wamekaa pamoja asubuhi nzima. Klara alimwonyesha kwenye simu picha ya mama yake. Kahaso akamgawia muhogo wa kuchemsha.

"Sasa mimi nitamlaani vipi mtoto wa mwenzangu?" anauliza. "Mdomo wangu huu ndio huombea watoto. Niuchafue kwa shilingi 3,500?"

Hakugombana na mtu. Alichofanya ni kile ambacho mabibi wa Kigiriama hukifanya mtoto anapotaka kusafiri. Alitia maji kinywani, akayapuliza juu ya kifua cha Klara, akamwombea kwa Kigiriama: Mulungu, huyu ni mtoto wa watu, mamaye yuko mbali na hamwoni. Mkinge njiani, mkinge na homa, arudi kwao akiwa mzima, naye aje azae. Kisha akafunga dua kama inavyofungwa, kwa kuita kwa sauti, "Taire!"

Kila aliyezaliwa upande huu anajua kwamba mwito huo hauachwi ukaanguka chini. Mzee akisema "Taire", waliopo hujibu "Za Mulungu", na baraka huwa imekubaliwa.

Katika kibanda kile mwenyeji mwingine alikuwa mmoja tu, Tsuma Katana, fundi mitambo wa Kilifi aliyekodiwa kushika ule mti mrefu wa kipaza sauti. Tsuma alikuwa ameonywa asithubutu hata kukohoa. Akajibu kwa sauti kubwa, "Za Mulungu!"

Mwongozaji akakatisha picha, akafoka. Wakarudia. Kahaso akabariki tena, akaita tena, na Tsuma akaitikia tena. Mara ya tatu ikawa vile vile, na Tsuma akanyang'anywa mti wake mbele ya watu.

"Nilijaribu kujizuia, wallahi," anasema Tsuma, mwenye miaka 34. "Lakini mzee anaita, nami ninyamaze kama sikulelewa? Mdomo ulifunguka wenyewe."

Simu ya Tsuma ilikuwa mfukoni ikirekodi mchana wote ule, kwa sababu alitaka mkewe asikie Wazungu wanavyofanya kazi. Baadaye alipata kibarua Lamu, akaenda zake, akaisahau rekodi hiyo.

Filamu ilitoka. Kahaso hakuiona, wala hakuna aliyemwalika kuiona. Mnamo Juni mwaka jana, kipande chake kikaingia kwenye simu za kijiji.

Katika kipande hicho macho ya Kahaso hayana mboni, yamefanywa meupe kwa mashine. Dua yake imefutwa, na mahali pake pametiwa mngurumo na ngoma. Anapuliza maji, na msichana anaanguka, anatapika damu, anakufa. Hapaonyeshwi muhogo wala picha ya mama.

Nchi haitajwi jina. Kwa waliotengeneza, yumkini kumfanya bibi mchawi hakukuwa na uzito, kwani watazamaji wao wangetoka ukumbini na kwenda kula chakula cha jioni. Huku Kilifi mambo ni mengine. Hapa mvi zikizidi kichwani, mtu huanza kuchunga maneno ya majirani, maana wapo wazee waliouawa kwa kuitwa wachawi, na wapo waliokimbia makwao kwa kuhofia hayo.

Wiki hiyohiyo, mtoto mmoja aliyekandwa na Kahaso akaugua kichomi. Alilazwa, akatibiwa, akapona. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Sikuona mtu akinifukuza," anasema Kahaso. "Niliona tu nikipiga hodi, naambiwa mtoto amelala. Nyumba hii amelala, nyumba ile amelala. Watoto wa kijiji kizima wakawa wanalala mchana kutwa."

Alihesabu milango kumi na mmoja. Njiani, wanawake aliowakanda wao na watoto wao walihamishia vitoto ubavu wa pili, mbali naye, alipopita. Kanisani, benchi lake likawa na nafasi. Mchana mmoja, akiwa anachambua mchicha, jiwe likatua juu ya mabati yake. Hakutoka kutazama nani amelirusha, kwa kuogopa kwamba angemjua.

Alipomaliza akiba aliuza mbuzi wawili. Hilo halimuumi sana. Kinachomuuma hadi leo ni kwamba mikono yake ilianza kukauka. Kila asubuhi alipasha mafuta kidogo, akaipaka, akakaa nayo mapajani.

Nilipomuuliza kama anawachukia majirani, alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Vivian alinionyesha ile picha. Wee! Mimi mwenyewe nilirudi nyuma. Yule mama wa kwenye simu anatisha. Ningemwona anakuja kwangu, ningefunga mlango na kuweka kinu nyuma yake."

Januari mwaka huu, bintiye Kabibi alifika kutoka Junju na mifuko miwili mitupu ya kutia nguo. Alikuwa amesikia vijana wakisema mambo ambayo hayasemwi mara mbili. Alitaka mama yake aondoke siku ileile. Mzee wa kijiji, Phineas Randu, akaomba apewe siku moja tu, akaitisha mkutano asubuhi ya Jumamosi kwenye uwanja wa shule ya chekechea.

Watu walikuja wengi. Kahaso aliketishwa mbele kwenye kiti cha watoto, magoti yakimfika kidevuni, Kabibi kando yake ameshika mifuko. Mtu baada ya mtu alisimama, akasema hana ubaya na mama Kahaso, lakini picha ameiona.

Tsuma alikuwa amerudi Kilifi kwa ajili ya matanga ya ami yake, na habari alizipata hapo msibani. Alipanda bodaboda mpaka Gede. Hakuhutubia. Aliomba kipaza sauti cha kanisa, akakiunganisha na simu yake, akasema, "Mimi nilikuwa pale. Sikilizeni alichosema, kabla hawajakifuta."

Sauti ya Kahaso ikajaa uwanjani, nyembamba kidogo, upepo ukipita ndani yake. Mulungu, huyu ni mtoto wa watu. Wanawake waliokuwa wakinong'ona wakageuka kumtazama Kahaso. Mamaye yuko mbali na hamwoni. Kuna aliyeshika mdomo. Ilipofika penye kuzaa, wanawake wengi walikuwa wameshainamisha vichwa, kwa sababu maneno hayo waliyajua. Waliwahi kuambiwa wao wenyewe, na mdomo huohuo, siku walipokuwa wakiolewa au wakienda kutafuta kazi Mombasa.

Kisha sauti ikaita, "Taire!"

Uwanja mzima ukajibu, "Za Mulungu!"

Walijibu kabla ya kufikiri. Wazee walijibu, vijana waliosema yale mambo walijibu, hata mama mkwe wa Vivian alijibu. Ndani ya simu naye Tsuma akasikika akijibu peke yake, akifuatiwa na Mzungu anayefoka, na watu wakaangua kicheko ambacho wengine walikimalizia kwa machozi. Kwa Mgiriama, ukishaitikia "Za Mulungu" umeingia katika dua. Huwezi kugeuka jioni ukasema ilikuwa laana.

Phineas Randu aliona hapo pana mahali pa kufungia mkutano, akaufunga. Kabibi alirudi Junju na mifuko yake mitupu.

Haikuwa kwamba kila kitu kilirudi siku hiyo. Kati ya milango kumi na mmoja, saba imefunguka. Minne bado watoto wanalala. Kipande cha picha kingali kinazunguka, maana hakuna anayeweza kukiita kirudi, na rekodi ya Tsuma haina macho meupe wala damu ya kuvutia watu. Kwa tahadhari, Kahaso ameacha kupita njia ya nyuma akiwa peke yake.

Mwezi Mei wakala wa filamu nyingine alimfikia. Alitoa shilingi 15,000 kwa siku tatu na kusema wanahitaji bibi mwenye macho makali. Kahaso alimkaribisha, akampa chai, akamuuliza maswali. Huyo bibi hufanya kazi gani? Ana wajukuu? Asubuhi hunywa nini? Wakala alisema hayo hayamo, kilichomo ni kwamba anawalaani watu.

"Nikamwambia, basi huyo si mtu, ni kinyago, katafuteni kinyago. Mkitaka bibi, njooni asubuhi mnipige picha nikimkanda mtoto. Akasema atanipigia simu. Labda hana salio."

Kwa sasa mipango yake ni miwili. Vivian ameomba kufundishwa kazi hii, naye amekubali, kwa sharti kwamba akate kucha. Mpango wa pili ulianza wiki mbili zilizopita.

Kuna jambo lililokuwa likimkera Kahaso tangu siku alipoonyeshwa ile picha, nalo hakumweleza mtu isipokuwa Tsuma. Kule kambini hakumwona msichana akifa, alimwona kwenye simu tu. Alijua ni mchezo, lakini macho yake yalishamwona mtoto aliyembariki akianguka, na moyo haukutulia. Alitaka tu kujua kama alifika kwao.

Tsuma alimtafuta Klara mtandaoni, akamwandikia. Jibu lilikuja. Klara aliandika kwamba hakuwahi kuambiwa maneno yale yalikuwa na maana gani, na kwamba siku ile, kwa sababu asiyoijua, aliacha kutetemeka. Alituma na picha.

Jioni hii Tsuma amemletea Kahaso picha hiyo. Kahaso anafuta miwani kwa pindo la leso, anaisogeza simu karibu, anaipeleka mbali. Ni Klara yuleyule, pua yake imepoa, na kifuani amembeba mtoto wa miezi michache.

Machozi yanamdondoka Kahaso, naye hayafuti. Anamtazama mtoto kwa muda mrefu, kisha uso wake unabadilika, unakuwa ule wa asubuhi, wa kazini.

"Huyu hajakandwa," anasema. "Tazama bega hili lilivyopanda. Mwambie mamaye amlete."

Tsuma anamweleza kwamba ni mbali, ni ndege mbili na siku nzima angani.

"Mwambie asiwe na haraka," anasema Kahaso, akimrudishia simu. "Mimi nipo hapa kwangu, siendi popote."